Peugeot 504 Iliyochemsha Mtwapa: Uchambuzi wa Safari ya Siku Moja ya Magari ya Zamani, Mombasa hadi Malindi

Siku ya matembezi ya klabu ya magari ya zamani si mashindano. Hakuna anayepimwa muda wala kikombe kinachogombewa. Watu hutoka na familia zao, hula pamoja, hupiga picha na kurudi. Ndiyo maana maandalizi yake hufanywa kwa ulegevu, na barabara ya Mombasa kwenda Malindi inauzidisha ulegevu huo: kilomita kama 120, lami, hakuna mlima wa kutisha, na bahari haiko mbali upande wa kulia. Nani atajisumbua kukagua gari kwa mwendo kama huo?

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na hitilafu zinazoyapata magari haya mara kwa mara, lakini barabara, upepo na vyuma vyake ni vya kweli. Gari moja lilichemsha, likatibiwa ugonjwa ambao halikuwa nao, likaonekana limepona, na kila mtu akarudi nyumbani na jibu lisilo sahihi. Kuchemsha ni jambo la kawaida. Huko kupona ndiko kunakostahili kutazamwa kwa makini.

Magari, mwezi na ratiba

Msafara ulikuwa wa magari manane: Beetle mbili (ya 1968 yenye injini ya 1500 na ya 1972 yenye 1300), Peugeot 404, Peugeot 504 ya petroli yenye kabureta, Ford Escort ya umbo la kwanza, Land Rover Series III ya petroli, Datsun 160J na Mercedes 240D ya umbo la W123. Sita ni za wakazi wa Mombasa. Ile 504 na Escort ziliteremka kutoka Nairobi siku mbili kabla, zaidi ya kilomita 480, bila tatizo lolote. Shika neno hilo, tutalirudia.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Agosti. Kwa joto la hewa, uamuzi ulikuwa mzuri: ni kipupwe, jua halichomi kama la Februari, na mvua kubwa za masika zimekwisha. Kilichosahaulika ni kwamba Agosti ni msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini.

Ratiba iliandikwa hivi: kukutana mbele ya Fort Jesus saa 1:30 asubuhi, kuondoka saa 2:00, chai Kilifi saa 3:15, magofu ya Gede saa 4:45, chakula cha mchana Malindi saa 7:00, kuondoka saa 9:00, na kufika Mombasa kabla ya saa 12:00 jioni. Mtu aliyeiandika alihesabu kilomita. Kwa gari la miaka hamsini, kilomita ndizo rahisi. Kinachoua ni dakika za kusimama huku injini ikiwa ya moto, na hizo hazikuandikwa popote.

Ilivyokwenda

Picha zilichukua muda, mmoja akachelewa, mwingine akaenda kujaza petroli. Msafara ukaondoka saa 3:10. Kwenye Daraja la Nyali hakukuwa na shida, lakini kuanzia Kongowea kulikuwa na matatu, bodaboda na tuktuk za kutosha kuugawa msafara mara mbili kabla ya Bamburi. Foleni yenyewe ikaanza karibu na Shanzu: kilomita tatu kabla ya daraja la Mtwapa zilichukua dakika 35.

Mshale wa joto wa 504 ulianza kupanda dakika ya 12. Dereva aliuona. Alichofanya ni kuzima injini kila foleni iliposimama, kisha kuiwasha iliposogea, akiamini anaipumzisha. Alipovuka daraja mvuke ukatoka chini ya boneti. Akaegesha kushoto, akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa na kukifungua. Karibu lita tatu zikamwagika kwa mruko mmoja. Akamimina lita tano za maji baridi ya kisima, injini ikiwa imezimwa. Fundi wa karibu akaitwa, akasema thamostati (valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto) imekwama, akaitoa na kurudisha mfuniko wake na gasketi ya karatasi. Dakika 55 baadaye gari likaondoka, na halikuchemsha tena siku hiyo, si kwenda Malindi, si kurudi.

Wakati huo magari matano ya mbele yalikuwa yameshafika Kilifi. Huko wakapigiwa simu, wakazima injini, wakasubiri dakika 15, kisha Escort na Land Rover zikaamua kurudi kusaidia. Land Rover iliwaka. Escort ilikataa. Baadaye, karibu na Matsangoni, taa nyekundu ya chaji ikawaka kwenye Beetle ya 1968. Chakula cha mchana kikaliwa saa 8:20, Gede ikarukwa, kuondoka Malindi kukawa saa 11:15, na giza likawakuta karibu na Kilifi.

Kwa nini thamostati haikuwa na kosa

Anza na ushahidi uliokuwepo tangu mwanzo. Gari lilitoka Nairobi hadi Mombasa bila kuchemsha. Thamostati iliyokwama ikiwa imefunga haivumilii safari hiyo: maji hayafiki kwenye rejeta kabisa, na injini huchemsha ndani ya kilomita chache, uwe unakimbia au unatambaa. Rejeta iliyoziba kwa kutu na chokaa nayo ina tabia yake. Hulemewa injini inapofanya kazi nzito, kwenye mlima au kwa mwendo wa 100, kwa sababu hapo ndipo joto huwa jingi kuliko uwezo wa mirija iliyobaki wazi. Gari linalokimbia vizuri na kuchemsha likisimama tu lina ukosefu wa hewa, si wa maji. Mafundi wa zamani hulijua hilo bila kufikiri: likichemsha mbioni tazama maji, likichemsha foleni tazama feni.

Na feni ya Peugeot hizi ina siri. Kwenye 404 na 504 za petroli feni haikufungwa moja kwa moja na puli ya pampu ya maji. Kati yao kuna klachi ya sumaku ya umeme. Maji yakiwa ya baridi feni huachwa huru, na hivyo injini haipotezi nguvu. Maji yakipanda joto, swichi ya joto hupeleka umeme kwenye kaboni, kile kipande kidogo cha mkaa kinachosugua pete ya shaba. Sumaku huvuta bamba, na feni ikashikana na puli. Kaboni hiyo huisha. Ikiisha, au swichi ikifa, au waya ukikatika, feni haishiki kamwe.

Ubaya ni kwamba feni iliyoachwa huru bado huzunguka. Msuguano wa beringi unatosha kuizungusha kivivu. Fundi akifungua boneti, anaiona inazunguka, anasema feni nzima, anahamia kwenye thamostati. Ndivyo ilivyokuwa Mtwapa.

Kipimo chake ni cha dakika mbili. Injini ikiwa imezimwa, chukua waya kutoka kichwa chanya cha betri, wenye fyuzi, uguse mahali umeme unapoingilia kaboni. Ukisikia mlio mkavu wa “tak” na bamba likavutwa, sumaku na kaboni ni nzima. Kosa liko kwenye swichi au waya, na unaweza kuipita swichi kwa kipande cha waya ukaendelea na safari, feni ikiwa imeshika muda wote. Usiposikia kitu, toa kaboni uitazame: ikiwa fupi kiasi kwamba springi haiisukumi tena hadi kwenye pete, umempata mwizi. Kaboni mpya ni kitu cha kuwekwa kwenye kisanduku cha glovu cha kila 504 na 404. Haina uzito wala nafasi.

Upepo uliodanganya

Sasa, kama feni ilikuwa imekufa, mbona gari halikuchemsha tena?

Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Barabara ya Malindi inaelekea kaskazini. Chukua upepo wa kilomita 20 kwa saa. Ukiwa kwenye foleni unasogea kwa kilomita 8 kwa saa, upepo unakupita kutoka nyuma. Hakuna hewa inayoingia kwenye grili. Zaidi ya hapo, hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta inasukumwa mbele na kuingia tena. Ukitoka foleni na kukimbia 60, rejeta inapata hewa ya kama 40, ambayo inatosha. Jioni wakati wa kurudi unakimbia 60 kuelekea upepo huohuo, rejeta inapata 80. Feni hapo ni pambo.

Kwa maneno mengine, safari ya kurudi haikuthibitisha chochote. Ilikuwa mtihani ambao gari lingefaulu hata bila mapanga ya feni. Mwenye gari akiamini thamostati ndiyo ilikuwa mbaya, atachemsha tena siku ya kwanza atakayokwama kwenye foleni ya Nairobi, na safari hiyo huenda gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, isimsamehe.

Kutoa thamostati kuna gharama yake pia. Injini hukimbia ikiwa ya baridi mno, oili haifikii joto la kuukausha unyevu, petroli haivukizwi vizuri, na silinda husagika haraka. Ni desturi iliyoenea sana pwani, “huku joto, ya nini thamostati”, na haina msingi. Thamostati nzuri ya nyuzi 82 ikishafunguka kabisa haizuii kitu cha maana. Kabla ya kuihukumu, itie kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, na uitazame ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka. Ikifunguka, irudishe.

Gari la Nairobi likiwa usawa wa bahari

Kulikuwa na jambo la pili lililoongeza joto, na hili hata feni nzima isingeliondoa lote. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa kama asilimia 18. Gari la kabureta linaloishi huko hurekebishwa kwa hewa hiyo nyepesi: jeti kuu (tundu linalopimia petroli) hupunguzwa ili petroli isizidi, na distribyuta (kigawa cheche) husogezwa mbele nyuzi chache ili kurudisha nguvu iliyopotea. Teremsha gari hilo Mombasa, hewa nzito inaingia, petroli ni ileile ya jeti ndogo, mchanganyiko unakonda. Cheche nayo inakuja mapema mno kwa silinda iliyojaa vizuri. Matokeo yake ni injini kugonga, ule mlio wa kokoto kwenye kopo unapokanyaga mafuta ukiwa gia ya tatu kwa mwendo mdogo, na hedi inayopata moto kuliko inavyostahili.

Wengi huusikia mlio huo wakaulaumu ubora wa petroli. Kabla ya kulaumu kituo, legeza nati ya distribyuta, irudishe nyuma nyuzi 2 au 3, jaribu tena. Mlio ukipotea, acha hapo. Kama gari litakaa pwani zaidi ya wiki, rudisha jeti ya kiwandani. Kwa siku mbili tatu kurudisha taimingi, yaani wakati wa cheche, kunatosha, mradi huendi mwendo wa kasi mrefu.

Kuna faida moja ya kushuka ambayo watu hawaitumii. Nairobi maji yasiyofungiwa huchemka kwenye nyuzi kama 94. Mombasa ni 100. Kifuniko cha rejeta cha psi 7 kilicho kizima huongeza hadi kama 111. Kizima, lakini: raba yake ikiwa imekauka na kupasuka, umeitupa akiba yote hiyo. Kwenye magari manane ya kisa hiki, Beetle mbili hazina rejeta. Sita zilizobaki zilihitaji kifuniko kukaguliwa, na hakuna aliyekagua.

Alichokosea dereva barabarani

Kuzima na kuwasha ndilo kosa la kwanza. Injini ikizimwa, pampu ya maji inasimama, lakini chuma cha hedi bado kina moto na kinaumimina kwenye maji yaliyotulia kando yake. Maji hayo huchemka hapohapo kabla ya mshale kuonyesha. Ukiona mshale unapanda kwenye foleni, fungua hita hadi mwisho na feni ya ndani kwa nguvu yote, madirisha wazi. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Acha nafasi ya magari mawili mbele yako ili usogee kwa mkupuo badala ya kutambaa. Mshale ukiendelea kupanda, toka barabarani mapema, ukiwa bado na uchaguzi wa kivuli, kabla gari halijakuchagulia. Geuza pua ya gari ielekee upepo. Kwa kusi, pwani hii, maana yake ni pua kutazama kusini.

Zima, fungua boneti, subiri dakika 30 hadi 40. Kifuniko hakiguswi kabla ya hapo, hata kwa kitambaa. Mvuke wake huchoma hadi mkono mzima, na kukifungua kunashusha mgandamizo ghafla hata maji yaliyokuwa yametulia yachemke yote kwa pamoja. Hose ya juu ikishikika kwa vidole bila kuungua, geuza kifuniko hadi kituo cha kwanza, acha kipumue, kisha toa. Washa injini, mimina polepole, glasi baada ya glasi, hita ikiwa wazi ili hewa itoke. Maji baridi lita tano ndani ya hedi ya alumini yenye moto, injini imezimwa, ni njia ya kuikunja hedi.

Na maji yenyewe: visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa. Maji hayo kwenye injini yenye hedi ya alumini na bloku ya chuma hula upande mmoja na kuacha magamba upande mwingine. Ukilazimika kuyatumia, sawa, lakini yamwage yote wiki hiyohiyo na kujaza maji yaliyochujwa pamoja na kulanti (dawa ya rejeta). Mfumo wa 504 unachukua kama lita 8. Galoni moja ya lita 20 ya maji safi kwenye Land Rover ingetosha msafara mzima, na buti ya Land Rover ilikuwa na nafasi tele. Ilikuwa imebeba viti vya kukunja.

Neno la pembeni kuhusu sifa. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na 404 ilishinda mara nne miaka ya sitini. Ukizungumza na wenye magari haya, utadhani ushindi huo umo ndani ya bloku. Magari yale yalikuwa na mafundi wakiyasubiri njiani. Hili lilikuwa na kaboni iliyoisha.

Msafara uliokatika

Magari ya mbele hayakujua kwamba 504 imekwama kwa sababu hakuna aliyekuwa na wajibu wa kujua. Magari manane mfululizo kwenye barabara ya matatu hayawezi kukaa pamoja, na kujaribu kukaa pamoja ni hatari. Wanaotaka kupita wanalazimika kupita manane kwa mkupuo mmoja.

Kinachofanya kazi ni makundi mawili ya magari manne, la pili likiondoka dakika tano baada ya la kwanza. Katika kila kundi, gari la polepole zaidi liwe la pili, si la mwisho, na gari la mkia liwe la mtu anayejua kushika spana na aliyebeba vifaa. Kanuni ya njiani ni moja tu: kila dereva anamwangalia wa nyuma yake. Usipomwona kwenye kioo, punguza. Usipomwona kwa dakika mbili, simama mahali salama, na wa mbele yako ataona wewe umepotea naye atasimama. Habari husafiri hadi mbele bila simu. Simu ashike abiria. Taa za hatari zisiwashwe gari likiwa linakwenda, maana huficha ishara ya kukata kona, na kwenye matuta ya Mtwapa, Kikambala na Vipingo kila mtu anahitaji kujua wa mbele anafanya nini.

Escort iliyokataa kuwaka Kilifi

Hili lilikuwa tatizo dogo lililotokana na subira ya urefu mbaya. Pampu ya petroli ya Escort imefungwa ubavuni mwa bloku. Injini ikizimwa, hakuna petroli mpya inayopita kuipoza wala hewa chini ya boneti, na joto la bloku hupanda kwenye pampu na kabureta kwa dakika 10 hadi 20. Petroli huanza kutoa mvuke ndani ya mrija, na pampu inayosukuma mvuke haisukumi kitu. Ukisimama dakika tano, joto bado halijapanda. Ukisimama dakika 45, limeshashuka. Dakika 15, zile za kununua korosho na kupiga simu, ndizo mbaya kuliko zote.

Kama lazima usimame robo saa, fungua boneti pale unapozima. Likikataa, funga kitambaa chenye maji kwenye pampu na mrija, subiri dakika kumi, kisha piga stata huku umekanyaga mafuta hadi chini bila kupampu. Kupampu kunamwaga petroli zaidi kwenye injini ambayo huenda tayari imelowa. Dawa ya kudumu ni kibamba kinene cha bakelaiti (plastiki ngumu) kati ya pampu na bloku, na mrija wa petroli kuhamishwa mbali na ekzosi.

Beetle: mkanda mmoja, kazi mbili

Hapa dereva alifanya sawasawa, na ndiyo maana maelezo ni mafupi. Kwenye Beetle mkanda unaozungusha dinamo, ile inayochaji betri, ndio unaozungusha feni ya kupoza injini. Taa nyekundu ikiwaka ghafla, si suala la chaji tu. Huenda injini haina upepo hata kidogo. Alisimama ndani ya mita mia. Angeendelea kilomita mbili “afike petroli”, silinda ya 3 ingeumia kwanza, kwa kuwa kwenye injini za kabla ya 1971 rejeta ya oili imekaa kwenye njia ya hewa ya silinda hiyo.

Mkanda mpya huchukua robo saa: bisibisi kwenye pengo la puli ya dinamo kuizuia isizunguke, spana ya 21 kwenye nati, toa nusu ya nje ya puli, vaa mkanda, panga washa (pete bapa za chuma). Washa zikitolewa katikati ya nusu mbili na kuwekwa nje, mkanda unakaza. Ukibonyeza kwa kidole gumba uingie kama milimita 15. Ukizidisha, unaua beringi ya dinamo.

Usiku uliofuata ulimtia wasiwasi kwa sababu nyingine. Dinamo ya gari hilo haitoi chaji ya maana injini ikinguruma chini chini, na taa za mbele zikiwashwa kwenye foleni ya Mtwapa zinakula betri. Hili lisingetokea mchana.

Ratiba ilivyopaswa kuwa

Kukutana kusiwe kisiwani. Mkutano Bamburi au Shanzu saa 12:00 asubuhi, kuondoka saa 12:20 jua linapochomoza, kunamvusha kila mtu Mtwapa kabla foleni haijajikusanya. Kilomita 40 na kitu hadi Kilifi zinakwenda kwa saa moja bila haraka. Hapo ndipo pa mahamri na mbaazi, na pumziko liwe la dakika 45 kamili, si 15. Gede inafikiwa saa 3:00 asubuhi, hewa bado poa chini ya miti, na baada ya UNESCO kuitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024 si mahali pa kurukwa. Malindi saa 5:00. Nguzo ya Vasco da Gama, picha, chakula saa 6:30. Kuondoka saa 8:00 mchana, Mombasa kabla ya saa 11:00 jioni, taa hazijawashwa.

Petroli: kilomita 240 kwa lita 10 kila kilomita 100 ni lita 24. Beba 35, lakini usijaze tangi hadi shingoni asubuhi. Ongezeko la joto la nyuzi 15 kwenye lita 40 linavimbisha karibu nusu lita, na kwenye Beetle tangi liko chini ya boneti ya mbele, karibu na mizigo.

Picha za magari mchangani zisipigwe. Mchanga laini unameza Mercedes hadi ekseli, na chumvi inayobaki kwenye ngoma za breki na chini ya chesisi haionekani mpaka mwaka ufuatao. Hata bila kugusa mchanga, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kisha endesha kilomita mbili tatu ukibonyeza breki ili ngoma zikauke.

Ile 504 ilipimwa upya Mombasa kwa njia ambayo ingefaa kutumika Ijumaa kabla ya safari: imeegeshwa uani, mgongo kwa upepo, injini ikinguruma, boneti imefungwa, dakika 20. Dakika ya 14 mshale ulikuwa juu na feni ikizunguka kivivu. Kaboni ilipotolewa ilikuwa imebaki kipande kifupi kuliko punje ya mchele. Ikawekwa mpya, thamostati ikachemshwa sufuriani na kurudishwa baada ya kufunguka vizuri, taimingi ikarudishwa nyuzi 3. Jaribio lilipofanywa tena, dakika ya 11 “tak” ikasikika hadi nje ya boneti, na mshale ukaanza kushuka.